Mswada wa mpaka wa Marekani: dalali anataka kijana aondoke kabla haujapita. Kuna ukweli hapo?

Mama wa Barabara ya 12
Jumanne 6 Februari 2024, saa 3 usiku

Habari za usiku wanajamvi. Wakubwa shikamooni. Niko Tanga mjini, Ngamiani, nauza madera na vitenge. Nina jambo linaninyima usingizi, na humu najua wapo wanaofuatilia mambo ya Marekani.

Mdogo wangu wa kike alifariki akaniachia mtoto wa kiume. Sasa ana miaka 24, ni fundi wa friji na viyoyozi, mtulivu, hana makuu. Mwezi wa kumi na mbili alimpata dalali Dar es Salaam anayepeleka watu Marekani "kwa njia ya ukimbizi". Mpango wenyewe ndio huu: ndege hadi Brazil, kutoka hapo mabasi na maboti mpaka Mexico, halafu anavuka, anajisalimisha kwa askari, anasema naomba hifadhi, anapewa karatasi na kuanza kazi. Bei milioni 18. Kaka yake ameshauza kiwanja cha Pongwe na milioni 6 zimetangulia.

Jana dalali katuma sauti WhatsApp. Kwa nyuma unamsikia konda anaita "Mbagala, Mbagala", na yeye anaongea harakaharaka kama anayekimbizwa. Anasema wabunge wa Marekani wametoa sheria mpya, wameruhusu watu elfu tano kila siku, ikisainiwa tu basi wa elfu tano na moja anarudishwa alikotoka. Kwa hiyo hela iliyobaki ikamilike Ijumaa na kijana aondoke kabla ya tarehe 20.

Nauliza: hiyo sheria ipo? Elfu tano ni kweli? Na ukisema tu unaomba hifadhi, ndiyo unapewa kazi? Mimi ni mama mkubwa, sikumzaa. Nikipinga sana nitaambiwa namwonea kijicho mtoto wa marehemu. Naomba majibu ya kunisaidia kuongea naye, kejeli sizitaki.

Kijana wa Chuda
Jumanne 6 Februari 2024, saa 3:25 usiku

Mama mkubwa, milioni 18 si unamfungulia fremu pale Mkwakwani, ananunua gesi na mitambo yake na hela ya kula inabaki? Ila vijana tulivyo sasa, ukimtajia fremu anaona umemtukana. Ngoja waje wataalamu.

Wakala wa Horohoro
Jumanne 6 Februari 2024, saa 5 usiku

Shikamoo mama. Mimi ni wakala wa forodha, kazi yangu ni karatasi za mizigo inayovuka Horohoro kwenda Lunga Lunga na Mombasa. Malori yakilala, mtu huna la kufanya ila redio na simu, ndiyo maana haya mambo nayafuata. Huo mswada una kurasa 370. Sikuusoma wote, lakini sehemu ya mpaka nimeipitia.

Kwanza, si sheria. Ni mswada uliotolewa Jumapili hii baada ya mazungumzo ya maseneta watatu: James Lankford wa Republican, Chris Murphy wa Democratic, na Kyrsten Sinema ambaye hana chama. Na mpaka ni kipande tu humo ndani. Jumla ni dola bilioni 118, bilioni 60 ni za Ukraine, bilioni 14 hivi za Israeli, za mpaka ni kama 20. Kusonga mbele kwenye Seneti yao kunahitaji kura 60 kati ya 100. Ukitoka hapo uende Baraza la Wawakilishi, na Spika wa huko, Mike Johnson, ameshatangaza kwamba ukimfikia umekwisha kufa. Trump kawaambia watu wake waukatae, na mwaka huu Novemba wana uchaguzi. Dalali anakutisha kwa kitu ambacho huenda kisizaliwe.

Sasa elfu tano. Hapo ndipo alipopata pa kuuzia maneno. Hiyo si idadi ya wanaoruhusiwa kuingia. Lifikirie boya la kwenye simtanki: maji yakifika kimo fulani linanyanyuka na kufunga. Wanaokamatwa mpakani wakifika wastani wa 5,000 kwa siku, kwa siku saba mfululizo, serikali inalazimika kuwafungia njia ya kuomba hifadhi wote wanaovuka nje ya vituo rasmi. Wakifika 8,500 kwa siku moja, vilevile. Wakifika 4,000, inaweza kufunga ikitaka. Chini ya hapo haina maana kwamba wote wanapita. Kila mmoja anasailiwa, na wengi wanarudishwa.

Desemba iliyopita walikamatwa karibu watu 250,000 kwenye mpaka ule wa kusini. Gawanya kwa siku 31, ni 8,000 kila siku. Kwa hesabu hiyo boya lingefunga siku ileile mswada unaanza kazi.

Na cha kushangaza, wanaoupinga kule kwao wanausema kama dalali wako! Wanasema eti umeruhusu watu 5,000 kwa siku. Lankford, ambaye ni mtu wa mrengo huohuo wa kubana mpaka, anahangaika kutwa kuwaeleza wenzake kwamba sivyo. Uongo mmoja, huko unaombea kura, huku unaombea nauli.

Swali lako la kazi. Leo hii mtu akishawasilisha ombi la hifadhi anangoja siku 150 ndipo aombe kibali cha kazi, na hakitolewi kabla ya siku 180. Kumbe ni huu mswada ndio ungempa kibali mapema, mara tu anapovuka usaili wa kwanza. Kwa hiyo hata kibiashara dalali hajapiga hesabu yake vizuri: kwa hilo moja, angemwambia kijana asubiri upite. Ila upande wa pili mswada unaukaza huo usaili wenyewe, hofu yako inatakiwa iwe na ushahidi mzito zaidi kuliko sasa, na kesi imalizwe ndani ya miezi badala ya miaka.

Lakini mama, weka mswada pembeni. Kuna jambo ambalo dalali hajalitaja, na hilo lipo tayari. Tangu Mei 2023 wana kanuni kwamba ukipita nchi nyingine njiani bila kuomba hifadhi huko, ukavuka bila miadi, unahesabiwa hufai mpaka uthibitishe vinginevyo. Miadi inaombwa kwa programu ya simu iitwayo CBP One, ukiwa Mexico. Nafasi ni 1,450 kwa siku kwa mpaka mzima, watu wanangoja miezi. Lugha zake ni Kiingereza, Kihispania na Krioli ya Haiti. Huyo kijana wako kwenye mpango wa "kujisalimisha kwa askari" ameshaanguka kabla hajafungua mdomo.

Akifungua mdomo, ataulizwa anaogopa nini kwao. Sababu zinazokubalika ni tano: rangi au kabila lako, dini, uraia, msimamo wa kisiasa, na kuwa mmoja wa kundi fulani la jamii linaloandamwa. Kukosa kazi haimo. Umeme kukatika haimo. Fundi wa friji wa Tanga asiyetafutwa na mtu ataambiwa asante, na akirudishwa kwa ule utaratibu wa haraka anapigwa marufuku miaka 5 asirudi.

Kuhusu "mabasi na maboti". Kati ya Colombia na Panama barabara hakuna. Pale ni msitu wa Darién, kama kilomita 100 za tope, mito na magenge. Watu huchukua boti Necoclí upande wa Colombia, kisha miguu. Mwaka jana serikali ya Panama ilihesabu zaidi ya watu 520,000 waliopita humo. Muulize dalali Darién ni mabasi au maboti.

Naandika kwa ukali kwa sababu mwisho wa biashara hii nauona kwa macho. Kuna lori lilisimamishwa upande wetu huku, Mkinga, juu magunia, chini vijana wa Kihabeshi wamelala kama samaki wa kukaushwa, safari yao Afrika Kusini. Walipoteremshwa wengi walishindwa kusimama. Mmoja alikuwa kashika kifuniko cha chupa ya maji, chupa yenyewe hana. Nilimuuliza kwa Kiingereza changu cha fomu za forodha kama anajua yupo nchi gani. Akasema Malawi. Aliyempokea hela zake alimwambia hivyo.

Komando Mabokweni
Jumatano 7 Februari 2024, saa 1 asubuhi

Maneno mengi. Marekani wana haki ya kufunga nyumba yao. Sisi hapa Wahabeshi tukiwakamata tunawapeleka mahakamani, faini au jela, kisha kwao. Hakuna anayeandika kurasa 370. Kwa nini wao walaumiwe?

Wakala wa Horohoro
Jumatano 7 Februari 2024, saa 2:10 asubuhi

Komando, sijawalaumu kufunga. Mpaka bila mlinzi ni uwanja wa wasafirishaji, mimi ndiye ninayekaa nao. Ninachosema ni kwamba kabla ya kumrudisha mtu lazima pawe na wa kumuuliza: ukirudi utauawa? Na sisi sheria yetu ya wakimbizi ya 1998 inayo hiyo, kuna kamati ya kusikiliza maombi, ingawa ukikubaliwa unapelekwa kambini Nyarugusu au Nduta huko Kigoma na kutoka ni kwa kibali. Wahabeshi wa Mkinga wengi hawaombi hifadhi kabisa maana hawataki kubaki hapa. Wanataka wapite.

Halafu mpaka nao usiukuze sana. Mdigo wa Jasini akifiwa Vanga, upande wa Kenya, hangoji mtu wa Uhamiaji aamke. Anachukua kanga mbili na kwenda. Pale pale Wajerumani na Waingereza walipouana Januari 1915 kugombania mstari huo, watu wanapita kwenda kuzika.

Mama wa Barabara ya 12
Jumatano 7 Februari 2024, saa 8 mchana

Mwanangu Wakala, Mungu akupe heri. Nimemsomea kijana yote, amekaa kimya muda mrefu kisha akasema dalali ana jibu: atafundishwa hadithi ya kusema. Kwamba kuna mtu atampangia maelezo ya kuandamwa kisiasa, akariri, na imo ndani ya hiyo milioni 18. Hapo nifanyeje?

Wakala wa Horohoro
Jumatano 7 Februari 2024, saa 8:40 mchana

Mama, hapo usibembeleze. Ombi la uongo la hifadhi likigundulika kwa hakimu wao kwamba ni la makusudi, mtu anafungiwa faida zote za uhamiaji maisha. Hata akija kuoa huko, hata akipata mwajiri wa halali. Na maafisa wale wanasikiliza hadithi kutwa. Vijana kumi wa dalali mmoja wakija na mateso yaleyale, tarehe zilezile, nani hatashtuka? Anayeumia zaidi ni yule aliyepigwa kweli, anakuja nyuma yao na hakuna wa kumwamini.

Muulize kwa upole: akiulizwa jina la mtaa alikoteswa, atasema wapi? Barabara ya 12?

Mzigua wa Chanika
Jumatano 7 Februari 2024, saa 2 usiku

Nachangia kutoka Handeni. Kuna mlango mwingine ambao watu wanauchanganya na huu, na sisi Wazigua tunao mfano wetu.

Karne ya 19 watu wetu walichukuliwa utumwani kupelekwa Somalia, bonde la mto Juba. Vizazi vikapita, Kizigua chao wakakishika. Vita vya 1991 vilipoanza kule waliporwa na kuuawa kwa kuwa hawana ukoo wa Kisomali wa kuwalinda. Baadhi wakaja na maboti mpaka huku kwetu. Wakapewa ardhi Chogo, hapa Handeni, na serikali ikaja kuwapa uraia. Mimi nimesikia kizee wa Chogo akiongea Kizigua ambacho bibi yangu tu ndiye angekijibu, maneno mengine sisi tumeshayatupa.

Wenzao waliokimbilia Kenya waliwekwa Dadaab, baadaye Kakuma. Marekani ikawakubali huko huko kambini, wakasailiwa huko, wakaanza kusafirishwa kwa wingi kuanzia 2004, zaidi ya watu 12,000. Walipanda ndege wakiwa tayari na hadhi ya ukimbizi. Ndiyo njia ile, nchi inakuchagua ukiwa nje. Mwaka huu wa fedha Marekani imejiwekea kikomo cha watu 125,000 kwa njia hiyo. Mswada wenu huu unahusu waliofika mlangoni wenyewe. Kwa hiyo dalali akisema "njia ya ukimbizi" aulizwe ipi, maana ile ya Kakuma haina dalali, na ukiona anayekulipisha hapo ni mwizi.

Kijana wa Chuda
Jumatano 7 Februari 2024, saa 2:15 usiku

Mzigua umeniacha hoi. Miaka yote napita Handeni na basi sikuwahi kuambiwa haya. Darasani tulikariri mito ya Canada.

Wakala wa Horohoro
Alhamisi 8 Februari 2024, saa 12:30 asubuhi

Habari mpya. Usiku wa jana kwa saa zetu Seneti imepiga kura kama mswada uendelee. Ndiyo 49, hapana 50, na zilitakiwa 60. Republican wanne tu ndio waliounga mkono. Siku tatu tangu utolewe, basi.

Mama, msomee kijana hiyo habari kisha ampigie dalali amwulize mswada umefikia wapi. Wala asimwambie kwamba anajua.

Mama wa Barabara ya 12
Alhamisi 8 Februari 2024, saa 5 asubuhi

Amepiga mbele yangu, simu ikiwa loudi. Dalali kajibu: "Umepita jana usiku, dogo, Biden anasaini kesho." Kijana kakata simu. Hajasema neno, katoka na boksi lake la spana kwenda kazini. Hiyo milioni 6 ndiyo tunaanza kuifuatilia, kaka mtu ana karatasi imeandikwa "ada ya ushauri".

Wakala wa Horohoro
Alhamisi 8 Februari 2024, saa 5:20 asubuhi

Karatasi hiyo mwiteni wakili aione kabla hamjaenda popote. Miamala ya simu nayo msiifute, chapisheni taarifa yote. Na ile sauti ya WhatsApp, itumeni kwenye simu tatu tofauti.

Mpita Njia wa Maramba
Jumamosi 16 Agosti 2025, saa 4 asubuhi

Samahani wakuu nafukua uzi wa zamani. Kaka yangu yupo Ohio, aliingia 2023, aliomba hifadhi na kesi yake inasubiri. Juzi kasema wanadaiwa dola 100 kwa sababu ya ombi, na itakuwa kila mwaka. Sisi nyumbani tunaona ametapeliwa. Wakala upo?

Wakala wa Horohoro
Jumamosi 16 Agosti 2025, saa 6 mchana

Nipo. Hajatapeliwa, ikiwa tu analipa serikalini.

Mengi yamepita tangu uzi huu. Mswada ulirudishwa Seneti Mei 2024 ukaanguka vibaya zaidi, 43 kwa 50. Hata Lankford na Sinema waliousuka waliukataa, wakisema ni maigizo ya uchaguzi. Juni Biden akachukua wazo lenyewe bila Bunge, akashusha kimo cha kufungia kuwa wastani wa watu 2,500. Januari 20, 2025 Trump kaapishwa, siku hiyohiyo miadi yote ya CBP One ikafutwa, watu wakiwa wamesimama Mexico na simu mkononi. Halafu Julai 4 akasaini sheria kubwa ya bajeti: dola bilioni 46.5 za ukuta, na humo ndimo ilimo hiyo ada. Dola 100 unapowasilisha ombi, ambalo zamani lilikuwa bure, na dola 100 kila mwaka ambao ombi bado linangoja. Kwa foleni yao ya kesi zaidi ya milioni 3, hiyo si hela ya mwaka mmoja.

Kwa hiyo kaka yako asimpe mtu taslimu eti amlipie. Alipe kwenye mfumo wa serikali yenyewe, atunze risiti, na amwone wakili au shirika la msaada wa sheria la hapo Ohio kuhusu namna ya kulipa ile ya kila mwaka.

La pili, na hili ni kubwa kuliko ada: amehama nyumba tangu afike? Kama kesi ipo mahakamani, ana siku 5 za kuiarifu mahakama anuani mpya. Barua ikienda nyumba ya zamani wanahesabu ameipata, na asipotokea siku ya kesi hakimu anaandika amri ya kumwondoa nchini akiwa hayupo. Mpigie leo umwulize.

Mpita Njia wa Maramba
Jumamosi 16 Agosti 2025, saa 6:30 mchana

Amehama mara mbili. Huko sasa ni alfajiri, nampigia hivyo hivyo.